Watoto wapande, mwalimu abaki?

Kila mwaka mpya wa shule unapofunguliwa, swali la kwanza la mzazi huwa si la mtaala wala ratiba. Huuliza: safari hii yuko kwa mwalimu gani? Katika shule nyingi za msingi jibu huwa ni mwalimu mwingine. Yule wa mwaka jana amebaki kwenye darasa lake lilelile, anapokea kundi jipya. Watoto wamepanda, yeye hakupanda.

Utaratibu huu tumeuzoea hadi hatuuoni tena kuwa ni uamuzi ambao mtu aliufanya. Lakini upo mwingine, wa mwalimu kupanda na darasa lake kwa miaka miwili au zaidi. Ujerumani ni jambo la kawaida katika shule za msingi. Shule za Waldorf, ambazo ya kwanza ilifunguliwa Stuttgart mwaka 1919, zilikwenda mbali zaidi: mwalimu wa darasa huwapokea watoto darasa la 1 na, kwa mpango wa asili, huwa nao hadi la 8. Japani, ambako mwaka wa shule huanza Aprili, shule nyingi hufanya karibu kinyume chake. Hupangua madarasa kila mwaka mmoja au miwili, kwa makusudi, ili watoto wazoeane na wenzao wengi.

Mimi naunga mkono mwalimu apande na darasa lake kwa miaka miwili, katika madarasa ya chini. Nalisema mapema kwa sababu hoja za upande wa pili ni nzito kuliko wengi wa upande wangu wanavyokiri, na ningependa zisomwe kwa uzito wake.

Tuanze na kinachopotea. Mwalimu mgeni na darasa hufanya kazi mbili kwa mpigo katika wiki za mwanzo: anafundisha, na hapo hapo anawasoma watoto. Anamwuliza mtoto swali, mtoto ananyamaza. Je, hajui? Anaogopa? Au ni yule ambaye ukimsubiri kidogo, akalitafuna swali kichwani, atajibu sawasawa? Mwalimu aliyekaa naye mwaka mzima anajua, hivyo anasubiri. Mgeni anahamia kwa anayefuata. Akihamia hivyo mara tatu nne, mtoto amekwisha kujua kwamba akinyamaza ataachwa. Yapo mengi ya namna hii ambayo ripoti ya mwisho wa mwaka haiyasemi: nani haoni ubao akikaa nyuma lakini anaona haya kusema, nani anasoma kwa ufasaha bila kuelewa anachosoma, nani akikemewa mbele ya wenzake anafunga mlango kwa wiki nzima.

Juu ya hayo kuna likizo. Harris Cooper na wenzake, walipokusanya tafiti za Marekani mwaka 1996, walikadiria kwamba kwa wastani alama za watoto hurudi nyuma kwa kiasi cha mwezi mmoja wa masomo katika likizo ndefu ya kiangazi. Makadirio hayo yamebishaniwa baadaye. Lakini hata upungufu ukiwa mdogo zaidi, mwalimu anayejua somo liliishia wapi hasa, na wapi lilifundishwa kwa haraka kwa sababu muhula ulikuwa unakwisha, ana pa kuanzia. Mgeni ana mtaala, ambao unasema kilichopaswa kufundishwa.

Je, haya yanaonekana kwenye matokeo? Yanaonekana, kwa kiasi. Andrew Hill na Daniel Jones walichambua kumbukumbu za shule za jimbo la North Carolina, Marekani, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, na wakakuta kwamba watoto waliokutana na mwalimu yuleyule mara ya pili katika darasa la juu yake walifanya vizuri zaidi kidogo. Nasisitiza neno kidogo. Waliofaidika zaidi walikuwa watoto wa jamii za walio wachache. Mwaka huohuo Roland Fryer alichapisha matokeo ya jaribio la mji wa Houston, Marekani pia, ambako shule za msingi ziliwagawia walimu masomo wanayoyamudu zaidi, badala ya kila mmoja kufundisha darasa lake masomo yote. Ungetegemea alama zipande. Zilishuka kidogo. Maelezo yanayoingia akilini ni kwamba mwalimu alipata watoto wengi zaidi na muda mchache zaidi na kila mmoja wao, na ustadi wa somo haukuweza kuziba pengo hilo.

Ningeweza kuishia hapo kama ningetaka kushinda tu mjadala. Lakini jimbo hilohilo la North Carolina limetoa ushahidi wa upande wa pili. Ben Ost, katika utafiti wa mwaka 2014, alionyesha kwamba walimu wanaorudia darasa lilelile mwaka baada ya mwaka huimarika haraka kuliko wanaohamishwa-hamishwa, hasa katika hisabati. Ukikaa darasani unaona kwa nini. Mwalimu aliyefundisha sehemu kwa miaka kadhaa anajua kabla hajashika chaki kwamba wapo watakaojumlisha 1/2 na 1/3 wapate 2/5, kwa kujumlisha juu na juu, chini na chini. Kosa hilo amelitayarishia mfano, na amekwisha kujua mfano upi haufui dafu. Mwalimu aliyepanda na darasa lake analikuta kwa mara ya kwanza, na analitatua papo hapo, mbele ya watoto.

Kwa hiyo tunachopima hapa ni ujuzi wa aina mbili: kumjua mtoto na kulijua darasa. Mwalimu akibaki, la pili linakua na la kwanza linaanza upya kila mwaka. Akipanda, ni kinyume chake. Wanaoliongelea suala hili kama kwamba upande mmoja una upendo na mwingine una urasimu wanakosea. Mwalimu anayebaki ana kitu cha kuwapa watoto ambacho anayepanda hana.

Hoja inayonisumbua zaidi, hata hivyo, ni nyingine. Kumjua mtoto kunaweza kugeuka kuwa kumhukumu. Mwaka 1968 Robert Rosenthal na Lenore Jacobson walichapisha jaribio ambalo walimu waliambiwa kwamba watoto fulani wako karibu kuchanua kiakili. Ukweli ni kwamba watoto hao walichaguliwa bila mpangilio wowote. Mwisho wa mwaka, wale wa madarasa mawili ya chini kabisa walikuwa wamepanda kwa alama za mtihani wa akili kuliko wenzao. Wataalamu wamebishana kwa miongo kadhaa kuhusu ukubwa wa athari hiyo, lakini kwamba matarajio ya mwalimu yana nguvu, sidhani kama aliyewahi kuwa mwanafunzi atakataa. Mtoto aliyepewa jina la mtukutu akiwa na miaka 7 anastahili mtu ambaye hajawahi kulisikia. Kwa mtoto kama huyo, mwalimu mpya ndiyo nafuu yake kubwa ya mwaka mpya. Na mtoto aliyeangukia kwa mwalimu dhaifu katika miaka ya kujifunza kusoma hawezi kuambiwa avumilie mwaka wa pili kwa sababu utafiti unasema wastani ni mzuri.

Hata hivyo nabaki na miaka miwili, kwa masharti. Mwalimu apande kutoka la 1 hadi la 2, kisha arudi la 1. Mwenzake vivyo hivyo kati ya la 3 na la 4. Kwa mpango huo, baada ya miaka 10 mwalimu amefundisha kila moja ya madarasa yake mawili mara 5. Uzoefu anaouzungumzia Ost haukutupwa, umegawanywa kwa mbili tu. Miaka 8 kwa mwalimu mmoja, kama ya Waldorf, siioni kuwa na utetezi: kadiri darasa linavyopanda, ndivyo somo linavyodai mtu anayelimudu hasa, na ndivyo mtoto anavyohitaji kukutana na watu wazima wa tabia mbalimbali.

Sharti la pili ni mlango wa kutokea. Kabla orodha za mwaka wa pili hazijaandikwa, kila mzazi na kila mwalimu aulizwe faraghani kama mtoto abaki au abadilishiwe, bila kudaiwa maelezo. Waulizwe wote. Ukisubiri wanaokuja wenyewe ofisini, watakuja wenye sauti na nafasi, na mtoto wa mzazi anayeogopa ofisi ya mwalimu mkuu ndiye atakayebaki mahali pasipomfaa.

Zipo shule ambako haya yote hayawezekani, kwa sababu walimu huhamishwa kila mara na hakuna anayejua nani atakuwapo muhula ujao. Huko ningeanza na makabidhiano: mwalimu wa mwaka jana na wa mwaka huu wakae pamoja kabla ya siku ya kufungua, daftari la mahudhurio mezani, jina kwa jina. Hapo pia hukumu inaweza kupenya, kwa hiyo wachague cha kukabidhiana. Kwamba huyu akae mbele kwa sababu ya macho, kwamba yule aliishia kutoa kwa kukopa na hakulielewa, kwamba huyu mwingine akiulizwa asubiriwe. Kwamba fulani ni mvivu, hilo mwalimu wa mwaka jana alibakize kwake.