Kama Duke Nukem Forever Ungetoka Mwaka 1998

Katika vibanda vya gemu vya Ngarenaro na Kaloleni hapa Arusha, ambako mchezaji hulipia muda wake na wengine husubiri zamu nyuma yake, kuahirishwa kwa Grand Theft Auto VI kumezua pande mbili: wapo wanaoamini kwamba mchezo unaocheleweshwa unazidi kuiva, na wapo wanaoamini kwamba anayeahirisha kazi ameshindwa nayo. Duke Nukem Forever, mchezo wa kufyatua risasi unaomhusu shujaa aitwaye Duke, unafaa kuzipima hoja zote mbili, kwa kuwa kampuni ya 3D Realms ya Marekani iliutangaza mwaka 1997 ikilenga kuutoa mwaka uliofuata, lakini ukaingia sokoni Juni 2011.

Tuchukulie kwamba ungetoka kwa wakati. Wanaotetea subira watasema ungezaliwa ukiwa mzee, maana ulijengwa juu ya injini (programu ya msingi inayoendesha gemu) ya mchezo wa Quake II, na Mei 1998 ukatokea mchezo wa Unreal, ambao picha zake ziliwashangaza wengi. Ndiyo sababu 3D Realms ikahamia injini ya Unreal mwezi uliofuata. Watautaja pia mchezo wa wakati huo huo, Half-Life, uliotarajiwa mwaka 1997 lakini kampuni iliyoutengeneza, Valve, ikaurudia karibu wote, na ulipotoka Novemba 1998 ukasifiwa kila mahali. Kwa hesabu hiyo, Duke angetamba miezi michache tu kabla ya kufunikwa.

Hilo la kufunikwa nalikubali, ila hoja ya injini siikubali hata kidogo. Half-Life ulisimama juu ya injini ya Quake ya mwaka 1996, iliyofanyiwa marekebisho makubwa lakini yenye asili ya zamani kuliko ile ambayo 3D Realms iliiacha. Valve ilirudi nyuma mara moja, ikijua inachotaka kukamilisha, ilhali 3D Realms ilianza upya kila ilipoona teknolojia mpya kwa wenzake. Hapakuwa na wa kuizuia, kwa sababu mafanikio ya mchezo wake uliotangulia, Duke Nukem 3D wa mwaka 1996, yaliiwezesha kujigharimia, na kila ilipoulizwa tarehe ilijibu kwamba mchezo utatoka utakapokamilika. Uhuru wa namna hiyo kila mbunifu anautamani, nami siwezi kuulaani. Hata hivyo, Mei 2009 watengenezaji waliachishwa kazi, na kampuni nyingine, Gearbox, ndiyo iliyokuja kuumalizia.

Toleo la 1998 lingeweza kuuza vibaya, hilo ni kweli. Lakini 3D Realms ingesikia malalamiko ya wachezaji mapema, ikayatumia kutengeneza mchezo mwingine kwa injini ya Unreal, na vionjo vilivyooneshwa mwaka 2001, ambavyo bado vinavutia, huenda vingekuwa vya mchezo huo wa pili. Badala yake, wachezaji wa 2011 walipewa mzaha wa miaka ya tisini pamoja na kanuni za zama nyingine: afya inayojirudisha yenyewe, na shujaa aliyezoeleka kubeba ghala zima la silaha akiruhusiwa kubeba mbili tu. Duke wa 1998, hata kama angekuwa wa kawaida, angetembea na silaha zake zote.