Saa 20 za Kujitolea na Mtoto Anayeendesha Nyumba

Karatasi ilikuwa na safu nne: tarehe, mahali, idadi ya saa, sahihi ya msimamizi. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, iliandikwa kwamba msimamizi asiwe ndugu wa mwanafunzi. Binti wa darasa la 11 alikuwa amejaza mistari mitatu: mara mbili kwenye ghala la chakula cha msaada, mara moja kuokota taka kwenye bustani ya mji. Jumla saa 7. Shule inataka 20 kila muhula kwa ajili ya National Honor Society, chama cha heshima cha wanafunzi wa sekondari. Mama yake, mtu wa Kivu ya Kusini aliyekuja moja kwa moja kutoka zamu ya usiku, aliitazama ile karatasi akanigeukia mimi mkalimani.

"Kaka, uwaulize. Huyu ndiye anapikia wadogo zake, ndiye anampima bibi yake sukari kila asubuhi. Hiyo inaandikwa safu gani?"

Mwalimu mlezi wa chama hicho alijibu kwa upole kwamba kazi za nyumbani ni wajibu wa familia, hazihesabiwi kuwa kujitolea. Nikalirudisha jibu kwa Kiswahili. Mama akacheka kidogo. "Basi ni salongo," akasema. "Kujitolea kwa lazima." Salongo, kwa asiyeijua, ni ile kazi ya umma ya Jumamosi enzi za Mobutu, Mtanzania angesema msaragambo. Nilitafsiri na hilo pia, ila mwalimu hakuelewa kichekesho kiko wapi, na mkalimani haruhusiwi kuongeza la kwake.

Hapa kwenye makala naruhusiwa. Nimekalimani vikao vya shule katika mji mmoja wa Ohio kwa miaka kadhaa, na mambo mawili matatu ya familia hii nimeyabadilisha wasije wakajulikana. Mzozo wenyewe sikuugusa, maana unajirudia kila mwaka kwenye nyumba zetu.

Wanaoishi Marekani wanaijua National Honor Society, au NHS kama watoto wanavyoiita: kile kitambaa cha shingoni juu ya joho siku ya mahafali. Ilianzishwa mwaka 1921 na chama cha wakuu wa shule za sekondari wa Marekani, na tawi la kwanza likawa Fifth Avenue High School ya Pittsburgh, kwa mkuu wa shule Edward Rynearson, jirani na mitaa iliyojaa wahamiaji wa wakati ule. Nguzo zake ni nne: elimu, huduma, uongozi, tabia. Kitaifa wastani wa chini wa alama (GPA) ni 3.0, yaani B, lakini shule inaruhusiwa kupandisha, na nyingi zimepandisha. Mwanafunzi awe darasa la 10 hadi la 12 na awe amesoma shuleni hapo angalau muhula mmoja, sharti linalowauma wenzetu waliopokelewa Texas leo na mwaka ujao wakahamia kwa ndugu zao Ohio. Kura ya nani aingie inapigwa na baraza la walimu watano walioteuliwa na mkuu wa shule. Mwalimu mlezi anaendesha kikao, hapigi kura.

(Na zile barua zinazofika nyumbani kwenye bahasha nzuri, zikimpongeza mtoto na kumwomba dola kadhaa ili ajiunge na jamii ya wasomi bora? Hiyo si NHS. NHS huingii ila kupitia shule yako, na ada ya tawi haipaswi kuzidi dola 20 kwa mwaka.)

Wazazi wetu wengi wanakwama kwenye nguzo ya kwanza. "Mwanangu ana A tupu, wamemkataa kwa nini? Ubaguzi." Wakati mwingine upo, sikatai. Lakini sisi tumekulia kwenye shule ambako matokeo yakibandikwa ubaoni mjadala umekwisha: wa kwanza ni wa kwanza, hata kama darasa zima linajua ni mchoyo wa daftari lake. NHS haikuwahi kusema ni chama cha wenye alama kubwa. Alama zinakufikisha mlangoni, ukaanza kutazamwa mengine. Hapo niko na shule.

Niko nao pia kwenye suala la walimu watano. Aliyesoma kwetu anamkumbuka mwalimu wa nidhamu ambaye neno lake moja kwenye ripoti, pale penye tabia na mwenendo, lilitosha kukuharibia. Watano wakipiga kura, chuki ya mmoja inapungua nguvu. Na hata zile saa zenyewe zina faida ambayo wazazi hawaioni. Nimemwona kijana wa Kirundi aliyekuwa haongei na mtu akapangwa kusaidia maktaba ya mtaa. Mwaka haujaisha, mkutubi ndiye aliyemwandikia barua ya kuombea chuo. Mtoto wa mgeni anatoka nyumbani, anajua mji, mji unamjua.

Halafu kuna hoja yao nzito kuliko zote, ambayo mwalimu yule aliitoa bila kejeli: tukianza kuhesabu kazi za nyumbani, kila mtoto ataleta karatasi iliyosainiwa na mama yake, na aliyekwenda kweli kufundisha watoto wa wenzake kusoma atakuwa sawa na aliyeosha vyombo mara moja. Heshima ikitolewa kwa kila mtu, nani ataitaka?

Ni hoja ya haki. Lakini inadhani watoto wote wanarudi nyumba za aina moja.

Nyuma ya daftari langu nilipiga hesabu. Mama anatoka saa 11 jioni, anarudi saa 1 asubuhi. Wadogo ni wawili, mmoja darasa la pili, mwingine la tano. Tukihesabu saa tatu tu kwa siku, kupika, kuogesha, kusimamia kazi za shule, kwa siku tano za juma, ni saa 15. Muhula wa wiki 18 unafika saa 270. Bibi sijamweka. Shule inamdai binti huyu saa 13.

Na si kazi za mkono tu. Barua za ofisi ya kaunti anasoma yeye, hospitali anapiga simu yeye. Tangu mwaka 2016 kanuni za serikali kuu zinazikataza hospitali zinazopokea fedha zake kumtegemea mtoto kuwa mkalimani, isipokuwa kwa dharura. Watoto wanaendelea kukalimani hata hivyo. Tazama sasa: binti huyu angemfanyia kazi hiyohiyo jirani wa kanisani, mchungaji angetia sahihi, saa mbili zingeandikwa. Akimfanyia mama yake, hakuna kitu. Wema ule ule, lugha ile ile, dawati lile lile la mapokezi.

Ugumu wa kuthibitisha nao unakuzwa. Nesi wa shule anajua nani nyumbani ana mgonjwa. Mshauri wa wanafunzi anajua nani anachelewa kwa sababu alikuwa akimpandisha mdogo wake basi. Kanuni za kitaifa zinadai huduma, ila hazitaji 20 wala 7; idadi hiyo imetungwa na shule yenyewe. Aliyetunga idadi anaweza kutunga na kinachohesabiwa.

Vyuo vyenyewe vimeshafika huko. Kwenye Common App, fomu ambayo mwanafunzi huitumia kuomba vyuo vingi kwa mpigo, kuna nafasi 10 za shughuli, na mojawapo ya aina za kuchagua ni majukumu ya familia. Nyingine ni kazi ya mshahara. Yaani chuo, ambacho wazazi wanaihangaikia NHS ili mtoto akipate, kinataka kusikia habari za bibi mwenye kisukari. Chama cha kumsaidia mtoto afike chuoni ndicho kisichotaka.

Nguzo ya tabia sitakaa nayo sana, ila inaonyesha kwamba nguzo hizi zimewahi kusukumwa na kusogea. Mwaka 1998 wasichana wawili wa Grant County, Kentucky, wenye alama za kutosha, waliachwa nje ya NHS. Mmoja alikuwa mjamzito, mwingine ameshazaa. Shule ilisema ni tabia. Jaji wa mahakama ya shirikisho akaamuru waingizwe, kwa kuwa mimba inamwonyesha msichana peke yake, na mvulana aliyehusika tumbo lake halivimbi. Sisi tulichelewa: Tanzania ilitangaza Novemba 2021 kwamba wasichana waliojifungua warudi kwenye shule rasmi. Nani anapimwa kwa kinachoonekana na nani anapita kwa sababu chake hakionekani, swali hilo halikuishia kwenye mimba.

Turudi kwenye kikao, kwa maana jambo lililonifanya niandike bado sijalisema.

Binti hakuwa akiomba kuingia. Alishaingia, mwaka uliotangulia, akiwa darasa la 10, mama yake akiwa bado na zamu ya mchana. Zamu ikabadilishwa, saa zikashuka, akapewa onyo, na sasa mwalimu alikuwa ameweka mezani karatasi ya pili, fupi. Alisema, na naamini alikuwa akimhurumia, kwamba badala ya kupelekwa mbele ya baraza, binti anaweza kujiuzulu mwenyewe kwa heshima yake.

Kwa masikio ya Kiswahili neno hilo ni zuri. Kujiuzulu kwetu ni uungwana. Ali Hassan Mwinyi alijiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani miaka ya 1970 kwa makosa ya walio chini yake, na mwaka 1985 akawa Rais. Ukitoka mwenyewe umejihifadhia njia ya kurudi. Mama yule alilipokea hivyo hivyo, nikaona mabega yake yakishuka. "Ni vizuri," akasema, "atapumzika, mwaka kesho zamu yangu ikibadilika atarudi."

Kanuni za NHS hazisemi hivyo. Mwanachama aliyejiuzulu, sawasawa na aliyefukuzwa, hawezi kuwa mwanachama tena. Si muhula ujao, si mwaka wa mwisho, si akihamia shule nyingine. Sijawahi kukutana na mzazi wetu hata mmoja anayeijua kanuni hii, na watoto wengi hawaijui pia, kwa sababu siku ya kuapishwa kuna mishumaa na picha, hakuna anayesoma ibara za kutoka.

Wapime wanafunzi watatu. Wa kwanza aliomba darasa la 10, akakosa: mwaka ujao anatazamwa upya, hana doa. Wa pili hakujaribu kabisa mpaka darasa la 12, mambo ya nyumbani yalipotulia: anaingia, anavaa kitambaa. Wa tatu ni binti wetu, aliyefaulu mapema kuliko wote wawili, na kwa kufaulu huko amejiweka mahali ambapo mwezi mbaya mmoja unamtoa jumla. Mwenye kuiba mtihani na mwenye mama aliyebadilishiwa zamu wanaandikwa daftari moja.

Tena aliyejiuzulu yuko pabaya kuliko wanavyodhani. Anayekusudiwa kufukuzwa lazima apewe taarifa ya maandishi, asikilizwe na lile baraza la walimu watano, na akishindwa akate rufaa kwa mkuu wa shule. Anayesaini karatasi fupi ameviacha vyote hivyo mezani pamoja na kalamu. Mahakama za Marekani zimeona mara nyingi kwamba uanachama wa NHS ni upendeleo, mtu hana haki ya kuudai. Ndiyo maana kile kikao cha kusikilizwa kina thamani: ndicho pekee ambapo mtu angeweza kuwaeleza walimu watano habari za saa 270.

Watetezi watasema aliyekula kiapo akijua masharti asilalamike. Angekuwa mtu mzima ningekubali. Mtoto wa miaka 15 hapangi zamu za mama yake.

Mimi pale nilikuwa nimefungwa mdomo. Mkalimani hashauri; ukishauri mara moja, kesho hakuna atakayeamini kwamba maneno unayoyatoa ni ya aliyeyasema. Lakini tunaruhusiwa kitu kimoja, kuuliza maana ya neno. Nikainua mkono, nikasema kwa lugha zote mbili: "Mkalimani anaomba ufafanuzi. Neno hili kwa Kiswahili laweza kuwa kupumzika au kutoka moja kwa moja. Mwalimu anamaanisha lipi?"

Mwalimu akafungua kitabu cha kanuni, akatafuta ukurasa. Alisoma kimya kwanza, kidole kikifuata mstari, kisha akasoma kwa sauti. Nikatafsiri neno kwa neno. Mama hakunitazama mimi, alimtazama binti yake, na binti akaivuta ile karatasi fupi, akaikunja mara mbili bila kuisaini, akaitia kwenye begi pamoja na kipimo cha sukari cha bibi alichokuwa apitie kukinunulia betri.

Baraza lilipangwa Alhamisi ya wiki iliyofuata, saa 9 na nusu alasiri. Mama aliuliza kama ningekuwepo mimi. Nikamwambia wampigie wakala wa wakalimani, wanitaje kwa jina.