Rezista kubwa inasingiziwa

Unataka taa ijizime sekunde 10 baada ya kubonyeza swichi, umeme ni betri ya volti 9, chipu ni 555, ile ya kupima muda: kapasita inajaa umeme taratibu kupitia rezista, ikifika kiwango fulani taa inazima. Hesabu ya sekunde ni fupi: 1.1 × R × C, yaani rezista mara kapasita. Rezista ya kiloomu 10 na kapasita ya mikrofaradi 1,000 zinatoa sekunde 11. Megaomu 9.1 na mikrofaradi 1 zinatoa 10. Mafundi wengi watakushauri uchukue jozi ya kwanza, eti rezista kubwa haiaminiki.

Hawasemi uongo. Mkondo unaopita kwenye megaomu kadhaa ni mdogo mno, hata unyevu au uchafu wa kulehemu uliobaki kwenye ubao unaweza kuuiba. 555 ya kawaida nayo inaweza kunyonya hadi mikroampia 0.25 kupitia pini ya 6, inayosoma volti za kapasita, ilhali megaomu 9.1 inaleta 0.33 tu muda unapokaribia kwisha.

Ila saketi ikigoma kabisa kuzima, mimi humkamata kapasita kwanza. 555 hufunga muda kapasita ikifika theluthi mbili ya umeme, yaani volti 6. Hapo zimebaki volti 3 za kusukuma mkondo. Kwa rezista ya megaomu 1, hizo ni mikroampia 3. Sasa weka kapasita ya elektroliti (aina ya kawaida kwa mikrofaradi nyingi) ya mikrofaradi 100, iliyoandikwa volti 16. Kikomo cha mvujo kinachotumika sana ni 0.01 × C × V, yaani mikrofaradi mara volti zilizoandikwa juu yake: mikroampia 16! Ina ruhusa ya kumwaga mara tano ya inachopokea. Nyingi huvuja kidogo kuliko hapo, lakini iliyolala kabatini miaka mingi ni ndoo yenye tundu: maji yanapanda, yanasimama njiani, taa inakesha. Fundi anashusha rezista hadi kiloomu 100, taa inazima, naye anaondoka akiamini rezista ndiyo ilikuwa na kosa.

Na hiyo jozi "salama"? Elektroliti huja na asilimia 20 juu au chini, kwa hiyo zile sekunde 11 ni 9 au 13, hata rezista iwe sahihi namna gani.

Kwa sekunde 10, basi, mimi nachukua kapasita ya filamu (ya plastiki, isiyovuja kama elektroliti) ya mikrofaradi 1, rezista kubwa, na 555 ya aina ya CMOS, toleo linalotumia umeme kidogo, ambayo pini yake hainyonyi karibu chochote. Kwa dakika 10 nanyoosha mikono: mikrofaradi 1 ingedai megaomu 545. Hapo inabaki elektroliti na rezista ndogo zaidi, pamoja na hatari ileile ya mvujo, au bora zaidi chipu ya kuhesabu, 4060, ihesabu mapigo mafupi.

Ukishaiunga, usiweke mita kwenye pini ya 6. Mita nyingi za dijitali zina megaomu 10 ndani yake. Zikigawana umeme na ile 9.1, kapasita inakwama kwenye volti 4.7, na taa haizimi mpaka utoe waya za mita.