Viatu vya Dorothy Vilikuwa vya Fedha

Jumamosi iliyopita mpwa wangu aliniletea simu yake tucheze chemsha bongo ya filamu za fantasia zilizotokana na riwaya, naye alijua fika kwamba hapo amenipata. Tulikwenda vizuri mpaka likaja swali la viatu vya Dorothy, yule msichana wa Kansas, Marekani, anayebebwa na kimbunga pamoja na nyumba yao hadi nchi ya Oz: katika riwaya ya L. Frank Baum, vilikuwa vya namna gani? Niligusa "fedha" bila kusita. Skrini ikawa nyekundu, alama zetu zikapungua, na jibu lililoitwa sahihi likajitokeza: yakuti nyekundu. "Mjomba, umekosa," alisema mpwa wangu kwa huruma. Sikuwa nimekosa, na tangu siku hiyo jambo hili halijanitoka moyoni.

The Wonderful Wizard of Oz ilichapishwa mwaka 1900, na humo viatu ni vya fedha tangu Dorothy anapovipata kwa mchawi aliyeangukiwa na nyumba. Vilikuja kuwa vyekundu katika filamu ya mwaka 1939, kwa sababu ilipigwa kwa Technicolor, teknolojia ya filamu za rangi, na watengenezaji walitaka rangi itakayong'aa kwenye skrini. Uamuzi huo siulaumu hata kidogo. Ninachokilaumu ni mchezo unaotaja riwaya, ukataja na mwandishi, kisha ukamwadhibu mtu aliyeisoma.

Najua wapo watakaosema kwamba ni rangi ya viatu tu. Basi na watazame viatu hivyo vinaishia wapi. Katika filamu, Dorothy anazinduka kitandani akiwa amezungukwa na jamaa zake, na safari nzima inageuka kuwa ndoto. Katika riwaya, anagonganisha visigino vya viatu hivyo vya ajabu mara tatu ili vimrudishe nyumbani, anapeperushwa angani, anaanguka na kubingirika kwenye majani ya Kansas, na anaposimama anajikuta amebaki na soksi tu, kwa sababu viatu vimemvuka njiani na kupotea jangwani milele. Mbele yake ipo nyumba mpya, ambayo Mjomba Henry ameijenga baada ya ile ya zamani kuchukuliwa na kimbunga, na Shangazi Em ametoka kumwagilia kabichi. Baum hakutuachia mlango wa kusema kwamba mtoto aliota: nyumba ya zamani haipo kweli, na miguu ya mtoto haina viatu kweli. Mimi niliyasoma hayo nikiwa mdogo, na nilifarijika mno kukutana na mtu mzima, japo kitabuni, aliyekubali kwamba mtoto aliyesema amefika mahali alikuwa amefika. Mchezo unaofuta fedha ukaweka yakuti unafuta na hilo, na anayecheza hatajua kamwe kwamba kulikuwa na kitu cha kufutwa.

Isitoshe, mwaka 1964 mwalimu wa Marekani, Henry Littlefield, alichapisha makala iliyovisoma viatu vya fedha juu ya barabara ya matofali ya njano, ile anayoifuata Dorothy huko Oz, kuwa ni fumbo la mabishano ya Wamarekani kuhusu sarafu za fedha na dhahabu. Sikubaliani naye sana, lakini mjadala mrefu kiasi hicho usingeweza kuota juu ya yakuti.

Kuna mahali ambapo mabadiliko ya rangi yaliumiza zaidi. Ursula K. Le Guin alimwandika Ged, shujaa wa A Wizard of Earthsea ya mwaka 1968, kuwa mtu mwenye ngozi ya kahawia, kwa makusudi kabisa. Tamthilia ya televisheni ya mwaka 2004 ikampa sehemu hiyo mwigizaji mzungu, na Le Guin akalalamika hadharani. Siku chemsha bongo itakapouliza sura ya Ged, ni jibu la nani litakalohesabiwa?

Nakubali, ingawa si kwa furaha, kwamba filamu ina haki ya kwenda njia yake. Mwongozaji wa Kijapani Miyazaki aliichukua riwaya ya Howl's Moving Castle ya Diana Wynne Jones akaijaza vita vyake mwenyewe mwaka 2004, na ni filamu ninayoipenda. Nakubali pia kwamba wengi wetu tulifika vitabuni kupitia sinema. Hiyo ndiyo sababu ya kutaka swali liseme wazi "katika filamu" au "katika riwaya", maana tofauti kati ya hizo mbili ndiyo hazina ya mchezo wa namna hii. Ulizeni kwa nini Michael Ende aliwashtaki watengenezaji wa filamu ya The Neverending Story, ambayo haikufika mbali zaidi ya nusu ya riwaya yake. Ulizeni Dorothy alirudi nyumbani amevaa nini miguuni.

Hilo la mwisho nilimsimulia mpwa wangu palepale, simu ikiwa bado mkononi mwake na swali lililofuata likisubiri mpaka muda wake ukaisha. Aliniuliza hizo soksi zilikuwa za rangi gani. Nikamwambia kwamba Baum hakusema.