Hoteli tunazo, uwanja je?

Agosti 2025, wakati wa CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani, nilikuwa baraza la kahawa Mwembe Tayari, hapa Mombasa, tukitazama mechi ya Amaan, Zanzibar. Mzee mmoja aliziangalia zile taa za uwanja, akatikisa kichwa. "Hawa si ni sisi tu? Bahari ni moja. Wao wamepata, sisi twatizama runinga." Hakuna aliyemjibu. Muuza kahawa alimwongeza kikombe, wala hakumdai.

Ukiuliza kwa nini Mombasa haikupata mechi, jibu la haraka hapa kwetu ni kwamba Nairobi imetunyima. Kweli, mechi zote za Kenya zilichezwa Kasarani na Nyayo, na uwanja mpya wa Talanta, wa watu 60,000, pia uko huko. Lakini lawama hizo zimenichosha. CAF, shirikisho la soka la Afrika, ikija kukagua haiulizi biriani ya nani ni tamu zaidi. Yaangalia taa, nyasi, vyumba vya wachezaji, viwanja vya mazoezi, hospitali, vitanda, ndege zitatua wapi. Ndege zatua Moi, vitanda ni tele kuanzia Nyali hadi Diani. Tulichokosa ni uwanja wenyewe! Ule wa manispaa ukarabati wake umekwenda miaka nenda miaka rudi, na CHAN ikaukuta haujawa tayari.

Wala si lazima uwe mji mkuu. Kwa AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, ya 2027, Tanzania iliipa Arusha uwanja wa watu 30,000. Uganda ikaenda kujenga Hoima. Hoima, jamani, ambako hata bahari hakuna.

Najua yupo atakayenitajia Chicago. Mwaka 2018 mji ule ulijitoa katika kinyang'anyiro cha Kombe la Dunia la 2026, ukisema masharti ya FIFA yangewatwisha walipa kodi mzigo usiojulikana mwisho wake.  Chicago nawapa heko. Lakini wao walikataa posa iliyokwisha kufika mlangoni, na uwanja wao, Soldier Field, ulikuwa umesimama tangu zamani. Sisi tutamkatalia nani, na mshenga hajabisha hodi?

Kenya yenyewe ilishapokonywa AFCON ya 1996 na CHAN ya 2018 kwa kutojiandaa, kwa hivyo sitawadanganya vijana wa Tononoka kwamba mechi zaja kesho. Nataka uwanja umalizwe hata kama CAF haitatuletea mechi moja. Siku taa zake zitakapowashwa, hata kama ni timu yetu ya Bandari tu wanacheza ligi Ijumaa baada ya Isha, yule mzee nitampeleka mwenyewe. Tikiti juu yangu. Kahawa atanunua yeye.