Kupanua mtaro wa Nakivubo: nani anapona, nani anakunywa?

Kila mvua kubwa inaponyesha Kampala na maji kuingia madukani Kisenyi, dai ni lilelile: mtaro wa Nakivubo upanuliwe, usakafiwe kwa zege, maji yaondoke. Ni dai la haki. Anayelibeza hajawahi kupandisha magunia ya unga juu ya meza huku maji yenye harufu ya choo yakipita mlangoni. Na mafuriko ya jiji hili hayaharibu bidhaa tu, huua watu.

Lakini maji yakiondoka yanakwenda wapi? Mtaro unapita kando ya soko la Owino, unakata eneo la viwanda hadi Bugolobi, unaingia kinamasini, kisha unamwaga vyote katika Ghuba ya Murchison ya Ziwa Victoria. Kilomita chache tu kutoka hapo, kwenye ghuba hiyohiyo, mitambo ya Ggaba inavuta maji tunayokunywa.

Mvua ya kwanza baada ya kiangazi ndiyo mbaya kuliko zote. Kwa wiki kadhaa oili ya gereji, vumbi la barabara, mavi ya kuku na kaveera, yaani mifuko ya plastiki, vimejilundika. Nusu saa ya mvua huvizoa vyote kwa mpigo. Wapo pia wanaofungulia choo cha shimo mtaroni mawingu yakishatanda, kwa kuwa gari la kunyonya ni ghali na halifiki uchochoroni. Naitrojeni na fosforasi ya uchafu huo hulisha mwani. Ghuba hugeuka kijani, machujio ya Ggaba huziba upesi, dawa za kusafishia maji huongezwa, na mwani ukioza hula hewa ambayo samaki wangeivuta.

Zamani mafunjo yaliifanya kazi hii bure: maji yalipunguza mwendo, tope likatua, mizizi ikanyonya virutubisho. Siku hizi sehemu kubwa ya kinamasi imekuwa mashamba ya magimbi na miwa. Magimbi hunyonya kidogo kuliko mafunjo, na mkulima naye huchimba vijifereji vya kukausha shamba, basi maji hupita mbio bila kuchujwa. Zege huyaongezea kasi.

Watetezi wa mtaro wana hoja nzito: uchafu wa Nakivubo si wa mvua peke yake. Hata jua likiwaka majitaka yanatiririka humo, maana wakazi wengi hawajaunganishwa na bomba la majitaka, na mtambo mpya wa Bugolobi hauwezi kusafisha kisichoufikia. Hapo nawakubalia. Ila hoja hiyo inazidi kukitetea kinamasi, maana chenyewe kilichuja vyote, vya mvua na vya choo, bila kubagua.

Mtambo wa maji ya kunywa wa Katosi, Mukono, wenye uwezo wa lita milioni 160 kwa siku, ulijengwa mahali ambapo ziwa ni safi zaidi. Jiji linakua, maji yanahitajika, sina ugomvi nao. Ila naona umetupa kisingizio cha kuisahau ghuba, na mvuvi wa Ggaba hana Katosi ya kuhamia.

Je, wakulima wa kinamasini wafukuzwe? Ubomoaji wa nyumba katika kinamasi cha Lubigi mwaka 2024 uliwaacha watu bila makazi, na manung'uniko ya kwamba sheria humwona maskini kabla ya kiwanda hayakutoka hewani. Ningeanza kwingine: mitego ya tope na taka katika mifereji midogo inayolisha Nakivubo, izolewe Februari na Agosti kabla misimu ya mvua haijashika, gharama ya kunyonya vyoo ishushwe hadi mpangaji wa chumba kimoja aimudu, mafunjo yarudishwe kwanza pale ambapo mtaro unaingia kinamasini. Zege lifuate. Na makadirio ya kila mradi wa upanuzi yaonyeshe, katika ukurasa uleule wa gharama za saruji, dawa zitakazoongezeka Ggaba.