Picha za kanisani: tuanze na altare au na Njia ya Msalaba?

Wapo wanaodai makanisa yetu yaondoe picha za Kizungu, yaweke kazi za wasanii wetu. Lakini ukitoka Kaimosi kwenda Mukumu, huku magharibi mwa Kenya, hubadilishi sana lugha wala chakula, ila kuta za makanisa hazifanani hata kidogo. Kaimosi ni kwa Marafiki (Wakweka), waliofika mwaka 1902. Nyumba yao ya ibada haina sanamu, na hakuna anayeona kumepungua kitu. Mukumu, ambako misheni ya Kikatoliki ilianza 1906, ni kwa Bikira Maria, Mtakatifu Yosefu na Moyo Mtakatifu wa Yesu.

Kwa hiyo wanaodai mabadiliko hayo wanajadili jambo ambalo Wakristo wengi wa huku hawalihitaji. Msabato wa Gendia atakusomea Kutoka 20 na kufunga Biblia. (Mkatoliki ataifungua tena kwenye sura ya 31, pale Bezaleli anapojazwa roho ya Mungu ili achonge na kufua dhahabu.)

Wanaotaka mabadiliko wana hoja nzito. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1963, ulisema Kanisa halina mtindo mmoja wa sanaa lililoufanya wake, na kwamba sanaa ya kila taifa ipewe nafasi. Kenya haikungoja hata ruhusa hiyo. Mwaka 1959 Elimo Njau alichora kuta za kanisa kuu la Kianglikana kule Murang'a, Yesu akizaliwa miongoni mwa Wakikuyu. Nasi huku tuna Tabaka, kule Kisii linakochimbwa jiwe laini la kuchonga. Jiwe hilo la Kisii limempeleka mchongaji Elkana Ong'esa hadi makao ya UNESCO, Paris, lakini parokia zilizo mwendo mfupi kutoka machimboni bado zinaagiza watakatifu wa plasta. Hilo linaniudhi, nakiri.

Lakini yule mama anayesali novena mbele ya Yesu wa Huruma si mtu wa kuchekwa. Kwake picha ile si pambo. Ukimletea sura nyingine akasema huyu simjui, amesema jambo la imani. Na Nyanza kuna sababu ambayo wasomi wa Nairobi huisahau: tangu miaka ya 1960 Legio Maria, kanisa lililojitenga na Wakatoliki, wamemtukuza Simeo Ondeto kuwa Masihi mweusi. Mkatoliki wa Migori akiona Mwafrika mwenye ndevu juu ya altare, ana haki ya kuuliza huyo ni nani. Paroko asiye na jibu asiite mchoraji.

Ninapotofautiana na watetezi wa picha za zamani ni pale wanapoziita mapokeo ya kale. Picha ya kwanza ya Yesu wa Huruma ilichorwa Vilnius mwaka 1934. Yesu wa nywele laini anayening'inia sebuleni kwa wengi wetu ni kazi ya Warner Sallman wa Marekani, ya mwaka 1940, iliyochapishwa nakala zaidi ya milioni 500. Misheni ya Mukumu ina umri mkubwa kuliko zote mbili. Tulizizoea kwa sababu zilikuwa rahisi kupatikana, kama ilivyo leo kwa mabango ya kuchapishwa yanayotandazwa nyuma ya altare na kupauka kabla ya Pasaka nyingine.

Tatizo jingine ni letu wenyewe. Kamati ya ujenzi humwita msanii pesa zikiwa zimeisha kwenye mabati na vigae, ikamlipa kwa siku kama mpaka rangi, ikamwonyesha picha kwenye simu ainakili. Mikono ya mtakatifu ikitoka mirefu, waumini huamua kwamba wasanii wetu hawajui kazi.

Mimi ningeacha altare ilivyo kwa sasa, nianze na vituo 14 vya Njia ya Msalaba. Ni kazi ndogondogo, kila jumuiya inaweza kugharamia kimoja, na watu huvipitia kila Ijumaa ya Kwaresima, kwa hiyo wana muda wa kuvizoea au kuvikataa. Jiwe la Kisii lingefaa likichongwa bamba jembamba, maana ni zito kwa ukuta wa matofali ya udongo, na liwekwe juu kidogo kwa kuwa hukwaruzika upesi. Askofu ndiye mwenye neno la mwisho, baada ya kusikiliza tume yake ya sanaa takatifu. Kabla ya kumfikishia ombi la vyote, kitundikwe kituo kimoja tu, Kwaresima nzima, kabla ya kulipia vingine 13. Waumini wakikikwepa, jiwe la vile vingine bado liko Tabaka.